Benki, benchi na ukingo wa mto

  Leo nataka tukae na neno moja tu la Kiingereza. Ni neno fupi, lina herufi nne, na hata mtu ambaye hajawahi kuingia darasani amelisikia. Neno lenyewe ni "bank".

Najua mtasema: kwani hilo lina nini? Si ndiyo benki, pale tunapoweka fedha? Ndiyo, ni pale pale. Lakini subirini kidogo.

Mfikirieni mwanafunzi wa kidato cha kwanza, ndiyo kwanza ametoka shule ya msingi ambako masomo karibu yote aliyapata kwa Kiswahili. Sasa yuko kwenye somo la jiografia, kitabu ni cha Kiingereza, na mada ni mito. Anasoma kwamba mto ukijaa, maji hupanda mpaka yakapita "bank". Anachukua penseli, na pembeni mwa ukurasa, kwa herufi ndogondogo, anaandika: benki. Amefanya kazi yake vizuri, maana ametafuta neno analolifahamu na kulitumia. Mwalimu anapita kati ya madawati, anaona, anamwambia: hapana mwanangu, hapa maana yake ni ukingo. Mtoto anafuta, anaandika ukingo. Lakini swali limebaki kichwani mwake, nalo ni swali la haki kabisa. Kwa nini Waingereza waupe ukingo wa mto jina la nyumba ya kuwekea fedha?

Jibu ambalo watoto wengi hupewa ni kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo, kariri tu. Mimi sikubaliani na jibu hilo hata kidogo. Neno lina historia, na mtoto akiijua historia hiyo hahitaji kukariri. Basi leo tumjibu mtoto yule, polepole, hatua kwa hatua.

Tuanzie nyumbani, kwenye Kiswahili chetu. Na sisi tunayo maneno yenye maana nyingi, au siyo? Tuna kaa la moto, tuna kaa wa baharini anayetembea ubavuubavu, na tena tunamwambia mgeni: kaa hapa. Sauti ni moja, mambo ni matatu, na hakuna anayeona uhusiano wowote kati ya kaa wa pwani na mgeni anayeketi. Halafu tuna mbuzi. Mbuzi wa kufuga tunamjua, na mbuzi wa kukunia nazi tunamjua. Hapo mambo ni tofauti, kwa sababu ukikitazama kile kibao chenye shingo na meno unaona kabisa mtu wa kwanza alikuwa anawaza nini alipokiita hivyo. Neno limeondoka kwa mnyama likahamia kwenye chombo.

Shikeni hapo, kwa sababu ndipo penye ufunguo wa mazungumzo yetu. Neno likiwa na maana nyingi, jiulizeni: je, haya ni maneno tofauti yaliyofanana sauti tu, kama kaa na kaa? Au ni neno moja lililosafiri, kama mbuzi na mbuzi?

Sasa, "bank" ya mto na "bank" ya fedha ziko kundi gani? Hapa ndipo neno hili linaponivutia kuliko mengine mengi. Ziko makundi yote mawili. Kwenye Kiingereza yaliingia kama maneno mawili tofauti, kwa njia mbili tofauti, kutoka kwa watu tofauti, na kati yake zikapita karne nyingi. Lakini ukirudi nyuma zaidi, kabla Kiingereza hakijaitwa Kiingereza, unakuta babu yao ni mmoja. Ni ndugu waliotengana utotoni, kila mmoja akalelewa nchi yake, kisha wakaja kukutana mjini wakiwa watu wazima, majina yao yakifanana na wao wenyewe hawajuani.

Babu huyo ni nani? Ni neno la kale sana la ukoo wa lugha za Kigermaniki, ukoo ambao ndani yake mna Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia. Wanaisimu wamelijenga upya kwa kuzilinganisha lugha hizo. Wazo lililomo ni la kitu kilichoinuka, chenye mwinuko au mgongo. Udongo ulioinuka kando ya maji ni hivyo. Na kibao kilichoinuliwa kutoka chini ili mtu akalie, nacho ni hivyo.

Tumfuate ndugu wa kwanza, wa mtoni. Mwaka 793 mabaharia kutoka Skandinavia, wale tunaowaita Waviking, walishambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Baada ya hapo walirudi tena na tena, na mwishowe wengi hawakurudi kwao. Walilima, walioa, walizaa. Na watu wakiishi jirani, maneno nayo hukaa jirani. Kiingereza kilipata kwao maneno ambayo leo hakuna Mwingereza anayeyaona ya kigeni, kama lile la yai, la kisu, la anga na la dirisha. Humo humo likaingia neno lao la mwinuko wa ardhi na ukingo wa maji, ambalo kwa Kinorse cha kale lilikuwa "bakki". Kufika miaka ya 1200, Waingereza walikuwa tayari wanalo. Huyo ndiye ukingo wa mto. Alikuja kwa merikebu kutoka kaskazini.

Sasa tumfuate wa pili, wa fedha. Yeye alizunguka sana. Dola ya Roma ya magharibi ilipoanguka, watu wa lugha za Kigermaniki waliingia Italia na kutawala. Wagothi kwanza, kisha Walombardi, ambao waliingia mwaka 568. Lugha zao zilipotea, Waitaliano wakaendelea kusema Kilatini chao kilichokuja kuwa Kiitaliano. Lakini baadhi ya maneno ya wageni yalibaki, na mojawapo lilikuwa la benchi. Kwa Kiitaliano likawa "banco" na "banca". Kwa wakati huo halikuwa na harufu yoyote ya fedha. Lilikuwa benchi tu, au meza ya kufanyia kazi.

Fedha iliingiaje? Nawaomba mje nami Firenze, mji ambao Waingereza huuita Florence. Mwaka 1252 mji ule ulianza kutengeneza sarafu yake ya dhahabu, florini. Ni kisarafu chembamba, uzito wake kama gramu tatu na nusu, upande mmoja ua la yungiyungi, upande wa pili Yohana Mbatizaji. Genova nayo ilitoa ya kwake mwaka huohuo. Venezia ikafuata mwaka 1284. Ongeza na sarafu za fedha za kila mfalme na kila mji. Mfanyabiashara wa sufu anaingia sokoni na mfuko wake umejaa sarafu za huku na kule. Nyingine zimechakaa, nyingine zimekwanguliwa pembeni na wezi, nyingine ni bandia. Atanunuaje?

Anamwendea mbadili fedha. Na mbadili fedha amekaa wapi? Amekaa kwenye benchi lake, sokoni, mbele ya watu. Juu yake ametandika kitambaa. Ana mizani ndogo ya kupimia dhahabu. Ana daftari. Anaiinua sarafu, anaitazama, anaipima, anaandika, anatoa nyingine. Siku nyingine mfanyabiashara anamwambia: niwekee hizi, nitarudi. Siku nyingine anamwambia: nikopeshe, nitakulipa mzigo ukifika. Kazi ikapanuka, lakini watu hawakuona haja ya kutafuta jina jipya. Walisema tu wanakwenda benchini. Mnaliona hilo? Nalirudia, maana ndilo kiini: kile tunachokiita benki kilipata jina lake kutokana na benchi la mbadili fedha. Kutoka Italia neno likapita Ufaransa, na mwishoni mwa karne ya 15 likaingia Kiingereza. Huko ukingo wa mto alikuwa ameshakaa muda mrefu. Ndugu wakakutana.

Tusidhani ni Waitaliano peke yao waliofikiri hivyo. Wagiriki, mpaka leo, benki wanaiita "trapeza", na neno hilo kwao maana yake ya tangu zamani ni meza. Wasikilizaji Wakristo mnaikumbuka habari ya Yesu kuingia hekaluni na kuzipindua meza za waliokuwa wakibadili fedha. Katika Injili ya Kigiriki, meza zile zimetajwa kwa neno hilohilo. Na Waarabu walimwita mbadili fedha "sarraf". Katika mzizi huo ndimo tulimopata sarafu iliyomo mifukoni mwetu.

Sasa nawaombeni tufanye matembezi mafupi London. Katikati ya eneo la fedha la jiji lile kuna njia panda, na chini yake kituo cha treni za chini ya ardhi kinachoitwa Bank. Jina hilo ni la Benki Kuu ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1694, ambayo jengo lake liko hapo hapo. Barabara mojawapo inayofika kwenye njia panda hiyo inaitwa Lombard Street, kwa sababu Enzi za Kati walikaa hapo wafanyabiashara na wakopeshaji kutoka kaskazini mwa Italia, na Waingereza waliwaita Walombardi. Walombardi! Jina la kabila lile lile lililoingia Italia mwaka 568. Toka hapo, tembea kuelekea kusini, vuka mto Thames kwa daraja la Southwark. Ukishafika ng'ambo, pinda kulia. Mtaa unaotembea kando ya maji unaitwa Bankside. Hapo ndipo ulipo ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Globe, uliojengwa upya kwa kumbukumbu ya Shakespeare na kufunguliwa mwaka 1997. Je, Bankside ni upande wa benki? Hapana, ni upande wa ukingo. Kwa mwendo wa miguu usiozidi nusu saa umetoka kwa ndugu aliyepitia Italia ukafika kwa ndugu aliyepitia Skandinavia, na kati yao unapita mto.

Kuna ndugu wa tatu, naye sitamchelewesha. Huyu alipitia Ufaransa, naye pia alikuwa benchi: lile la wapiga makasia ndani ya merikebu. Makasia yalipangwa kwa safu, benchi nyuma ya benchi, hivyo "bank" ikawa safu ya vitu vilivyopangwa pamoja. Fundi umeme anayezungumza Kiingereza akitaja "bank" ya swichi, anamtaja huyo.

Na yule aliyebaki nyumbani? Yupo. Katika Kiingereza chenyewe neno la kale liliendelea bila kusafiri popote, na leo tunaliita "bench". Hapa ndipo sisi Waswahili tunapoingia, maana tumewapokea wawili: benki na benchi. Wameingia kwetu kama wageni wasiohusiana, mmoja akaenda mjini kwenye majengo ya vioo, mwingine akabaki chini ya mwembe na kwenye foleni ya zahanati. Kumbe ni ndugu.

Wajerumani wao hawakuwatenganisha. Kwa Kijerumani benchi la kukalia ni "Bank", na benki ya fedha ni "Bank". Tofauti unaiona wakiwa wengi tu: mabenchi ni "Bänke", mabenki ni "Banken". Mwaka 1905 Wajerumani walipofungua benki yao Dar es Salaam, Deutsch-Ostafrikanische Bank, mtu aliyekijua Kijerumani aliweza kusoma kwenye jina lile benchi na benki kwa pamoja.

Tukiwa tumefika Dar es Salaam, hebu tuulizane: je, mambo haya ni mageni kwetu? Mtu akikalia kitu mpaka kitu kikawa jina la kazi yake? Wala si mageni. Nendeni Lamu, nendeni Mji Mkongwe wa Unguja, mtazame mbele ya nyumba. Ile sehemu ya mawe iliyoinuliwa ukutani, wanapokaa wazee jioni wakinywa kahawa, inaitwaje? Inaitwa baraza. Na mawaziri wakikutana na Rais, tunasema nini limekaa? Baraza la Mawaziri. Kiti nacho kimetupa mwenyekiti. Na mashabiki wa mpira mnaonisikiliza, mtangazaji anaposema benchi la ufundi limefanya mabadiliko, nani amewahi kufikiria mbao? Sote tunajua anawataja kocha na wasaidizi wake. Waingereza nao wana mahakama iliyoitwa kwa karne nyingi Benchi la Mfalme. Njia waliyopita Waitaliano pale sokoni, sisi tunaipita kila siku.

Neno hili limezaa na watoto. Mbadili fedha aliyeshindwa kulipa, Waitaliano walisema benchi lake limevunjika, "banca rotta". Waingereza walilichukua katika karne ya 16, wakalisogeza karibu na Kilatini kwa kuliongezea herufi p, likawa "bankrupt". Sisi tunasema mtu amefilisika, na hapo tulikopa kwa Waarabu, kwenye mzizi mmoja na fulusi, vile visarafu vya shaba. Ona lugha mbili zilivyoitazama shida ileile: huku wanaona benchi lililovunjika, kule wanaona mtu aliyebaki na shaba tu. Neno la Kiingereza la karamu kubwa, "banquet", limetokana na kibenchi kidogo. Na walaghai waliokuwa wakipanda juu ya benchi sokoni ili kuuza dawa zisizoponya, Waitaliano walisema mtu kama huyo amepanda benchi lake, na Waingereza wakapata "mountebank", yaani tapeli wa maneno.

Mtoto mwingine ni wa juzijuzi, naye nampenda kuliko wote. Mwaka 1937, katika hospitali ya Cook County mjini Chicago, daktari Bernard Fantus alianzisha mahali pa kuhifadhi damu iliyotolewa, ili ikihitajika ipatikane mara moja. Akapaita benki ya damu. Aliona kwamba mambo ni yaleyale: watu wanaweka, kisha wenye shida wanachukua, na asipoweka mtu basi hapana cha kuchukuliwa. Nasi tunasema benki ya damu, na kila mmoja anaelewa bila kufafanuliwa. Mama anapovuja damu baada ya kujifungua usiku wa manane, neno hilo lina uzito kuliko benki zote za fedha.

Na ukingo, yeye hakuzaa? Amezaa, hasa baharini. Mwinuko wa mchanga chini ya maji Waingereza waliuita "bank" pia, na sisi tunalo neno letu zuri la fungu. Wavuvi wa Dar es Salaam wanaijua Fungu Yasini. Ukifungua ramani za bahari zilizochorwa kwa Kiingereza, utaikuta Leven Bank kaskazini mwa Unguja, na North Kenya Bank kwenye maji ya kaskazini mwa pwani ya Kenya, mahali penye samaki wengi. Kijana anayesoma mambo ya uvuvi akikutana na majina hayo, asitafute fedha humo. Ni mafungu. Rubani naye akilaza ndege upande mmoja ili akate kona, kwa Kiingereza kitendo hicho ni "bank", kwa sababu ndege imekuwa na mteremko kama wa ukingo. Na aliyefukia makaa kwa majivu usiku ili asubuhi akute moto, naye kwa Kiingereza amefanya "bank", kwa ule mwinuko wa majivu aliouweka.

Kwa hiyo walimu wangu, mnaofundisha kwenye madarasa yaliyojaa, ambao najua muda hamna, ombi langu ni dogo. Siku neno hili litakapotokea kwenye somo la jiografia, chukueni dakika mbili tu. Choreni ubaoni mto, na ukingo wake ulioinuka. Pembeni choreni benchi, na juu yake mizani na sarafu. Kisha waulizeni watoto hivi viwili vinafanana nini. Atapatikana wa kusema: vyote vimeinuka kutoka chini. Huyo mwacheni aendelee, awaeleze wenzake. Na yule aliyeandika benki pembeni mwa ukurasa wake, mwambieni hakuwa mbali sana. Amemkosa kaka, amempata mdogo wake.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutalichukua neno "check", lililoanza na mfalme wa Uajemi kwenye ubao wa sataranji likafika mpaka kwenye hundi. Walimu mkilijaribu lile zoezi la ubaoni, tuandikieni mtueleze watoto walisema nini, nasi tutawasomea hapa hapa.